Maswali ya Wasomaji: Mahekalu ya Kale ya Bara Hindi na Sanamu Zake za Mahaba

Katika toleo lililopita tulichapisha picha moja ya ukuta wa hekalu la Kandariya Mahadeva, lililoko Khajuraho katikati ya Bara Hindi, pamoja na maelezo mafupi mno chini yake. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na baadhi yake zilikuwa kali. Tumechagua tano, tukazifupisha, na tunazijibu hapa kwa uwazi unaolifaa jarida ambalo husomwa sebuleni mbele ya watoto na wakwe.

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Picha mliyoichapisha ilinilazimu kulifunika jarida kwa kiganja mjukuu wangu alipopita. Nimeishi na majirani Wahindu hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka hamsini, wananiletea vitamutamu vya Diwali nami nawapelekea vya Idi, na sijawajua ila kuwa watu wa haya na stara. Ilikuwaje basi wazee wao wakachonga mambo ya chumbani juu ya ukuta wa nyumba ya ibada? Ni upotofu, ni mzaha wa mafundi, au kuna jambo ambalo sisi hatulioni? — Maalim mstaafu, Kisauni

JIBU: Wa aleikum salaam Maalim, na shikamoo. Tutaanza na swali ambalo hukuliuliza, nalo ni kwamba sanamu zile ziko sehemu gani ya jengo. Anayetazama picha iliyokatwa kutoka ukutani huona watu wawili waliokumbatiana na basi. Anayesimama mbele ya hekalu lenyewe huona kwanza mlima wa mawe, kisha mikanda ya sanamu inayouzunguka mlima huo, na anaweza kuzunguka kitambo kizima kabla jicho lake halijawaangukia hao wawili. Kosa letu lilikuwa kukata picha mahali tulipoikata.

Khajuraho ilikuwa mji wa wafalme wa ukoo wa Chandella, na mahekalu yake mashuhuri yalijengwa kati ya mwaka 950 na 1050 hivi. Mapokeo husema yalikuwa 85. Yaliyosalia ni kama 25, na UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1986. Kandariya Mahadeva ni la mungu Shiva, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Limekalia jukwaa refu la mawe, na mnara wake unafika kama mita 31, ukiwa umeegemewa na minara midogo 84 inayopandana bega kwa bega hadi kileleni, kwa mfano wa mlima ambao ni makao ya mungu huyo. Alexander Cunningham, aliyeongoza uchunguzi wa mambo ya kale nchini humo enzi ya Waingereza, alihesabu katika hekalu hilo moja sanamu 872, yaani 226 za ndani na 646 za nje. Nyingi katika hizo ni miungu, walinzi wa pande nane za dunia, wanawake wa mbinguni, na mnyama wa kubuniwa anayefanana na simba. Wapenzi ni wachache katika umati huo, ingawa wapiga picha hawapigi wengine.

Sasa tuingie ndani. Mtu hupanda ngazi zinazotazama mashariki, akapita barazani, akaingia ukumbi mdogo, kisha ukumbi mkubwa, kisha kijia chembamba, na kadiri anavyoendelea ndivyo mwanga unavyopungua, hata anapofika kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, ambacho Kisanskriti hukiita garbhagriha, maana yake nyumba ya mimba. Humo mna lingi la Shiva, ambalo ni nguzo fupi ya jiwe, laini, isiyo na uso wala mikono. Maelfu ya mapigo ya tindo yaliyomwagwa nje yanaishia hapo penye kimya. Dunia yote, pamoja na wafalme, wanamuziki, wanyama na wapenzi wake, imepangwa ukutani upande wa nje, na anayekwenda kuabudu anaizunguka na kuiacha nyuma.

Na wapenzi wenyewe wamewekwa wapi? Wale wanaojulikana zaidi wako katika mikanda mitatu iliyopandana, kwenye ukuta unaounganisha ukumbi wa waabudu na chumba cha mungu. Mtaalamu wa India, Devangana Desai, aliyeishughulikia Khajuraho kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Wajenzi walipaita kwa neno sandhi, yaani maungano, na neno hilohilo wanasarufi wa Kisanskriti hulitumia kwa sauti mbili zinazokutana na kuungana. Wewe uliyefundisha Kiswahili utalielewa haraka kuliko wengi: "mu" inapokutana na "ana" huzaliwa "mwana", na huwezi tena kuonyesha kwa kidole mpaka wa moja na nyingine. Ukumbi ni wa watu, chumba ni cha mungu, na pale majengo hayo mawili yanaposhikana ndipo fundi alipowachonga mwanamume na mwanamke walioshikana. Kwa upande mwingine, mahali pa maungano paliaminika kuwa pepesi, pa kuingiliwa na shari, na jozi ya mume na mke ilihesabiwa kuwa ni ishara ya heri inayoikinga nyumba.

Imani hiyo ya heri ni ya kale kuliko Khajuraho. Katika karne ya 6 mwanafalaki Varahamihira, katika kitabu chake Brihat Samhita, aliandika kwamba miimo ya mlango wa hekalu ipambwe kwa ndege wa heri, vyungu, majani, mitambazi, na mithuna, yaani jozi za wapenzi. Aliwataja katika orodha moja na vyungu na majani, bila kuona haja ya kujitetea. Na ukiuliza fikra iliyoko nyuma ya hayo, Wahindu wa kale waliyagawa malengo ya maisha mafungu manne: dharma, yaani wajibu, artha, yaani mali na madaraka, kama (lisikuchanganye na "kama" letu), yaani mapenzi na raha za hisi, na moksha, yaani kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa. La tatu halikuwa aibu mradi lilikaa mahali pake, na la nne lilikuwa juu ya yote.

Yapo maelezo mengine yanayosimuliwa sana, nasi hatuyapi uzito sawa. Wako wanaosema kwamba sanamu hizo huzuia radi, na imani hiyo ipo kweli midomoni mwa watu. Wako wanaozihusisha na madhehebu ya siri ya kitantra, ambayo yaliufanya muungano wa mwili kuwa njia ya ibada. Madhehebu hayo yalikuwako zama hizo, na pale pale Khajuraho lipo hekalu la kale la matale lililowekwa wakfu kwa miungu-wanawake 64 waitwao Yogini, lakini si rahisi kuamini kwamba watu wa siri wangeitangaza siri yao juu ya ukuta. Maelezo dhaifu kuliko yote ni yale ya waongoza watalii, kwamba hekalu lilikuwa darasa la wanandoa. Darasa gani limetundikwa juu kiasi hicho, ambapo mtu wa chini huumia shingo kulitazama? Sisi wa pwani tunajua somo la namna hiyo lilivyotolewa: kungwi alimkalisha mwari ndani, mlango ukafungwa, ngoma ikapigwa ili walio nje wasisikie. Mafunzo hutaka ukaribu, na ukuta ule hauna ukaribu.

Kuhusu mzaha wa mafundi, Maalim, hukukosea kabisa. Hekalu la Lakshmana, lililokamilika mwaka 954 hivi, lina mkanda mwembamba wa michongo unaolizunguka jukwaa lake karibu na usawa wa macho, na humo, katikati ya majeshi, tembo, wawindaji na wacheza ngoma, mna vituko vya askari visivyo na utukufu wowote, ambavyo hatuwezi kuvieleza katika jarida hili. Tofauti kati ya mkanda huo wa chini na wapenzi watulivu wa kwenye maungano ni kubwa, na mtu akivichanganya viwili hivyo hawezi kuelewa hata kimoja.

SWALI: Mimi ni fundi wa milango ya nakshi. Ningependa kujua mawe hayo yalishikwa kwa chokaa gani, maana minara ya namna ile imesimama miaka elfu moja ilhali nyumba zetu za matumbawe zinabomoka. Na je, milango yao ilikuwaje? — Fundi, Mji wa Kale

JIBU: Fundi, jibu litakushangaza: hawakutumia chokaa. Mahekalu makubwa ya Khajuraho yamejengwa kwa jiwe la mchanga lenye rangi ya manjano inayoelekea wekundu, lililoletwa kutoka machimbo ya upande wa Panna, kando ya mto Ken. Kila jiwe lilichongwa likalia juu ya jenzake kwa ulimi na tundu, kama wewe unavyounga fremu ya mlango, na uzito wa mawe ya juu ndio uliokuwa gundi. Palipohitajika waliongeza vibano vya chuma. Tao la kweli, ambalo mawe yake hukandamizana kwa ubavu, hawakulitumia. Dari na minara waliifunika kwa kusogeza kila safu ya mawe ndani kidogo kuliko ile ya chini yake, hata pande zote zikakaribiana juu na nafasi iliyobaki ikazibwa kwa jiwe moja. Njia hiyo huzaa chumba chembamba na kuta nene sana, nayo ndiyo sababu mojawapo ya ndani kuwa na giza. Juu ya mnara huwekwa jiwe la mviringo lenye mifuo kama tunda lililogawanyika vipande, liitwalo amalaka, na juu yake chungu cha jiwe.

Jiwe lenyewe ndilo lililoamua nakshi iwe ya namna gani, nawe unalijua jambo hili kuliko sisi, kwa kuwa mvule hauchongwi kama msaji. Jiwe la mchanga hutoa umbo nono lenye mizingo laini, ndiyo maana miili ya Khajuraho inaonekana kama ina joto. Katika mlima Abu, huko Rajasthan, walitumia marumaru nyeupe, na marumaru ikaruhusu nakshi nyembamba hata mwanga ukapenya. Husimuliwa kwamba mafundi wa huko walilipwa kwa uzito wa unga walioukwangua, ili wasiharakishe kazi. Kusini, mjini Belur, ambako mfalme Vishnuvardhana wa Hoysala alianzisha hekalu mwaka 1117, walichonga jiwe laini la jamii moja na lile la Tabaka ambalo Wakisii hulichongea vinyago na sahani. Jiwe hilo hukubali kisu likiwa bichi, na kwa hiyo wanawake waliochongwa chini ya paa la Belur wana mikufu unayoweza kuhesabu shanga zake, na vikuku ambavyo jiwe limetobolewa pande zote. Mafundi wa Belur walitia majina yao kwenye kazi. Tunamjua Dasoja, na tunamjua mwanawe Chavana. Ni nadra, mafundi wengi wa mahekalu haya hawakuacha jina, kama vile wengi waliochonga milango unayoikarabati.

Mlango ulikuwa sehemu iliyochongwa kuliko zote, na kadiri ulivyokaribia chumba cha ndani ndivyo ulivyozidi kupambwa. Miimo yake hugawanywa mikanda kadhaa inayosimama sambamba: mmoja wa majani, mmoja wa wapenzi, mmoja wa mitambazi, na kadhalika. Chini ya miimo, mmoja kila upande, husimama miungu-wanawake wawili wa mito, Ganga juu ya mnyama wa majini afananaye na mamba, na Yamuna juu ya kobe, ili anayevuka kizingiti awe kama aliyeoshwa na mito yote miwili. Utaona kwamba fikra ya kuugawa mwimo katika mikanda, kuuanza chini kwa umbo moja la kuubeba, na kuupandisha mtambazi hadi kwenye kizingiti cha juu si ngeni kwako. Mafundi wa Kihindi, hasa wa Gujarat, walifanya kazi katika pwani hii, na yungiyungi lililo katikati ya vizingiti vyetu lina ndugu zake ng'ambo. Kilichobaki kule na kisichokuja huku ni umbo la binadamu. Mteja wa Mombasa alikuwa Mwislamu, na fundi alichonga kile alichotakiwa.

SWALI: Tumefundishwa shuleni kwamba Wajaini wanasisitiza kujinyima, kutodhuru kiumbe na kujiepusha na tamaa. Jarida lenu limesema kwamba wao pia wana mahekalu Khajuraho yenye wanawake waliochongwa vile vile. Je, huo si mgongano? — Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tudor

JIBU: Ni swali zuri, mwanangu, na wataalamu wenyewe hulijadili. Upande wa mashariki wa Khajuraho kuna kundi la mahekalu ya Kijaini, na kubwa kati yake ni la Parshvanatha. Maandishi yaliyochongwa kwenye hekalu hilo, ya mwaka 954 au 955 kwa hesabu yetu, yanamtaja mtu aitwaye Pahila, aliyeheshimiwa na mfalme Dhanga, kwamba alilipa hekalu zawadi ya mabustani. Kuta zake za nje zina miungu ya Kihindu, yaani Vishnu na mkewe, Rama na Sita, na wanawake mashuhuri sana: mmoja anajipaka wanja, mwingine ameinua mguu kuchomoa mwiba. Ni wanawake wa mbinguni wale wale wa mahekalu ya Kihindu yaliyo magharibi, na inaelekea mafundi walikuwa wale wale pia. Fundi wa zama hizo alikuwa na lugha moja ya jiwe, na wateja wa dini mbalimbali walimwagiza kwa lugha hiyo. Wapenzi walio katika tendo lenyewe, hata hivyo, karibu hawaonekani kwa Wajaini wa Khajuraho, na hiyo ni tofauti ya kuzingatiwa.

Wajaini hawakuwa wageni wa hoja hii. Mwandishi wao Jinasena, katika karne ya 8, alisimulia juu ya tajiri mmoja aliyeweka sanamu za Kama, mungu wa mapenzi, na mkewe Rati ndani ya hekalu la Kijaini, ili watu waje kuzitazama. Na waliokuja kwa ajili ya hizo wakakutana na mafundisho. Kama mbinu hiyo ni halali au la, tunakuachia wewe na mwalimu wako wa dini.

Lakini hebu tazama jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita. Ndani ya hekalu la Kijaini la madhehebu ya Digambara, sanamu ya Tirthankara, mmoja wa walimu wao wakuu 24, husimama uchi kabisa, mikono imening'inia bila kugusa mwili, macho yametulia. Jina Digambara lina maana ya aliyevaa anga. Nje ya ukuta mwanamke amevaa vito kutoka utosini hadi vidoleni na nguo yake inateleza. Ndani mwanamume hana kitu. Wa nje amepambwa uchi wake uvutie. Wa ndani ameacha mpaka nguo kwa kuwa hana tena cha kuficha wala cha kutaka. Ni jiwe lile lile na mwili ule ule wa binadamu, na hatua zinazowatenganisha hao wawili ni chache, lakini kwa Mjaini hatua hizo ndizo safari yote.

Mahekalu ya Kijaini ya Dilwara, katika mlima Abu tulioutaja, yamegeuza kanzu ndani nje. Vimal Vasahi lilijengwa mwaka 1031 na Vimal Shah, waziri wa mfalme Bhima wa Kwanza wa Gujarat, na Luna Vasahi likafuata mwaka 1230, likigharimiwa na ndugu wawili mawaziri, Vastupala na Tejapala. Kwa nje huoni ila kuta tupu. Ukiingia, dari za marumaru zinaning'inia kama yungiyungi lililopinduliwa, na nguzo zimejaa wacheza ngoma. Mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale hatashangaa, kwa kuwa nyumba za mawe za wazee wetu zilikuwa hivyo hivyo: ukuta wa nje mkavu, na ndani kabisa zidaka za lipu zilizochongwa safu kwa safu. Zaidi ya hapo nyumba hizo hazifanani.

SWALI: Wanangu wana kazi ya shule kuhusu majengo ya ibada ya Mombasa. Nataka kuwapeleka kulitazama hekalu la Wajaini la Langoni, lakini baada ya picha yenu naogopa. Tutakutana na hayo? — Mama wa watoto watatu, Likoni

JIBU: Mama, hamtakutana nayo, na waende bila wasiwasi. Hekalu hilo lilijengwa mwaka 1963 na jamii ya Waoshwali, ambao wazee wao walitoka vijiji vya karibu na Jamnagar, Gujarat. Ni jengo jeupe lenye mnara wa mtindo wa kaskazini, ule ule wa kilele cha mlima tuliokuwa tukiusimulia, na watoto wakiweza kuchora mnara na ngazi watakuwa wamepata nusu ya kazi yao. Viatu vinaachwa nje, na kitu chochote cha ngozi, uwe mkanda au mkoba, hakiingii, kwa sababu ya lile sharti la kutodhuru kiumbe. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha.

SWALI: Nimefanya kazi ya ubaharia, nikatia nanga Mandvi na Veraval mara kadhaa, wala sikuwahi kusikia habari ya Khajuraho. Hivi mahekalu ya namna hiyo hayako Gujarat, ambako ndiko Wahindi wetu walikotoka? Na jambo la pili: tunasoma kwamba Ibn Battuta alifika Mombasa, kisha akaenda Bara Hindi. Aliyaona mahekalu hayo? Na ni kweli kwamba Waislamu ndio waliozivunja sanamu? — Baharia mstaafu, Shimanzi

JIBU: Mzee wetu, ulipotia nanga Veraval ulikuwa karibu na Somnath, hekalu la Shiva ambalo Mahmud wa Ghazni alilivamia mnamo mwaka 1025 au mwanzoni mwa 1026, linaloonekana sasa ni jengo jipya la katikati ya karne ya 20. Karibu mara tu baada ya uvamizi huo, mwaka 1026 au 1027, lilijengwa hekalu la Jua la Modhera, kaskazini mwa Gujarat, wakati wa Bhima yule yule wa Kwanza. Modhera haina tena mnara, lakini birika lake la ngazi, lenye vijihekalu 108 vilivyopangwa kwenye ngazi zinazoshuka hadi majini, ni miongoni mwa vitu vizuri kuliko vyote vilivyojengwa kwa mawe upande ule wa bahari. Wapenzi wapo, wadogo na wachache. Ukitaka wakubwa utazame upande wa pili wa nchi, Konark katika jimbo la Odisha, ambako mfalme Narasimhadeva wa Kwanza, katikati ya karne ya 13, alijenga hekalu zima kwa umbo la gari la Jua lenye magurudumu 24 na farasi saba. Mnara wake mkuu umeanguka, na ukumbi uliobaki peke yake una urefu wa kama mita 39.

Kuhusu kuvunjwa kwa sanamu, jibu ni kwamba nyingine zilivunjwa kwa makusudi, na majeshi ya masultani wa Delhi yalihusika. Mwaka 1202 Qutb-ud-din Aibak aliitwaa ngome ya Kalinjar, iliyokuwa tegemeo la wafalme wa Chandella. Khajuraho ilinusurika kuliko miji mingine kwa sababu wafalme wake walikuwa wamekwisha kuhamishia nguvu zao kwenye ngome, na mji wenyewe ukabaki kijiji kilichozungukwa na msitu. Mwaka 1838 ofisa wa Kiingereza aitwaye T. S. Burt alifika hapo akaandika habari zake, na tangu hapo husemwa kwamba aliyagundua mahekalu, jambo ambalo wanakijiji waliompeleka wangeshangaa kulisikia. Hekalu la Matangeshvara, lililo kando ya yale yaliyoachwa, linatumika kwa ibada hadi leo.

Na Ibn Battuta aliyaona, ndiyo. Alilala hapa kisiwani usiku mmoja mwaka 1331, akaandika juu ya ndizi na ndimu zetu, juu ya tunda aliloliita jamun, ambalo tunaweza kulitambua katika zambarau, na juu ya misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri na watu wanaotawadha miguu kabla ya kuingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1340, akiwa mjumbe wa sultani wa Delhi anayeelekea pwani ya kusini, alipitia mahali alipopaita Kajarra. Alisimulia bwawa kubwa lililozungukwa na mahekalu, na sanamu ambazo Waislamu walikuwa wamezikatakata. Kuhusu mapenzi yaliyochongwa hakuandika neno. Kilichomshughulisha ni mayogi, yaani watawa wa Kihindu, waliokaa hapo, nywele zao zimeshikamana hadi zikawa ndefu kama miili yao, ngozi zao zimegeuka manjano kwa kujinyima. Na akaongeza kwamba Waislamu wengi walikuwa wakiwafuata ili wajifunze kwao.